Mama anataka kuliona jumba la Mysore: tuende Jumapili au siku ya kawaida?

MtotoWaChumbageni: Wakuu, habari za majukumu. Nipo Bengaluru, India, na mama tangu mwezi uliopita. Alibadilishiwa valvu ya moyo, namshukuru Mungu anaendelea vizuri, na daktari ameshamruhusu matembezi mafupi. Tunangoja kliniki ya mwisho turudi nyumbani.

Ujanani mama alikuwa fundi cherehani kwenye duka la Mhindi pale Tanga. Ukutani palikuwa na kalenda yenye picha ya jumba la Mysore usiku, limewaka taa kuanzia msingi hadi kuba. Mwaka ukaisha, kalenda haikutolewa. Aliitazama miaka 6 kila akiinua kichwa kwenye kazi. Nataka alione kwa macho yake. Hofu yangu ni ngazi, msongamano na huko kuvua viatu. Mliofika, nishaurini.

Kipepeo: Pole na uuguzi, mkuu. Nimesoma Mysuru (ndiyo hiyo Mysore) miaka 3. Nendeni Jumapili! Taa huwashwa Jumapili na sikukuu, saa 1 usiku, kwa muda usiozidi saa moja. Ni balbu kama 97,000 na zinawaka kwa mpigo mmoja. Umesimama gizani uwanjani, mara unamwona hata mtoto aliyebebwa mgongoni kwa mtu wa mbele yako. Mkienda siku nyingine, huenda ile picha ya kalenda asiione.

MamaZuu: Kipepeo, taa sawa, lakini mgonjwa wa moyo asisukumwe ndani na umati wa Jumapili. Mwanangu, gawa safari. Ni kama kilomita 145, treni zipo. Fikeni Jumapili mchana, mama alale kidogo, jioni mkaone taa. Msirudi Bengaluru usiku ule. Jumatatu saa 4 asubuhi, geti likifunguliwa tu, ingieni ndani. Watalii hupitia geti la kusini. Viatu mnaacha nje, kwa hiyo mbebee soksi nene, sakafu ya mawe inachosha miguu.

Akichoka, asipande ngazi za kwenda ukumbi wa baraza. Ukumbi wa harusi uko chini, na mimi ndio ulioniliza. Una pembe nane, juu ni vioo vya rangi vyenye tausi, na ukiinama sakafuni unawakuta tausi wengine. Mkalishe pembeni atazame taratibu.

Kipepeo: MamaZuu uko sahihi, mpango wako ni bora. Naongeza: vile vioo na nguzo za chuma za ukumbi huo vilitoka Glasgow. Jumba la zamani lilikuwa la mbao, likaungua 1897 kwenye harusi ya binti wa mfalme. Hili la sasa, lililochorwa na Henry Irwin, lilikamilika 1912. Familia ya kifalme ya Wadiyar bado inaishi upande mmoja. Ila kiti cha enzi cha dhahabu msikitegemee, hutolewa wakati wa sikukuu ya Dasara tu, Septemba au Oktoba.

MtotoWaChumbageni: Asanteni sana. Kesho nampigia daktari nimweleze safari yenyewe, akikubali nakata tiketi za Jumapili. Nimemsomea mama majibu yote. Kasema kiti cha dhahabu hakimsumbui, kwenye kalenda hakikuwepo. Ameniuliza tu kama pale uwanjani kuna mahali pa kukaa.

MamaZuu: Mbebee kigoda cha kukunja, mwanangu. Na shali.