Mbwa na chokoleti: yaliyotupata sisi wa Mombasa, tupeane uzoefu

MwanaTudor:
Salaam jamani. Wiki iliyopita nusura nimpoteze mbwa wangu, na vile nlivyoanza kuulizauliza nkaona kumbe si mimi peke yangu, watu wengi hapa yamewapata na wamenyamaza nayo. Tuyakusanye hapa, kila mtu aeleze lake.

Langu ni hivi. Mamangu mdogo alikuja kutoka Dubai na mifuko, ndani mna chokoleti zile nyeusi kali, na kwa joto letu hili zikaingia friji moja kwa moja. Ijumaa magharibi stima ikapotea. Ilipofika saa mbili na haijarudi zikaanza kulainika, mtu akazitoa akazitia kwenye beseni la maji baridi na beseni likawekwa barazani, chini. Mbwa wetu hulala uani lakini mlango ulikuwa wazi tupate upepo. Tumeketi ukumbini na taa ya simu tunasikia karatasi zachanika, tukadhani ni paka. Kutoka nje nkakuta makaratasi yametapakaa na mbwa anajiramba. Nkahesabu, gramu 200 zimekwenda, na mbwa mwenyewe ana kilo 12.

Sasa kosa langu ni hili. Alikuwa mchangamfu anatingisha mkia, nkasema ah, ni chokoleti tu, watoto si wanakula kila siku? Nkalala. Saa nane usiku nasikia anakwaruza mlango, katapika, anakunywa maji mpaka yale ya ndoo ya kufulia, anakojoa ovyo, anazunguka hatulii, anahema ulimi nje. Nkaweka mkono kifuani, moyo unakwenda mbio hata huwezi kuhesabu. Kufika alfajiri miguu inatetemeka. Tukamtia kwenye tuktuk mpaka kwa daktari wa mifugo, akalazwa siku mbili.

Swali la kwanza la daktari, alikula saa ngapi? Nilipomwambia jana usiku alinyamaza kidogo, halafu akanieleza ningemleta ule usiku angemdunga sindano ya kumtapisha ikatoka nyingi kabla haijaingia mwilini. Hilo ndilo linaniuma mpaka leo. Dalili huja masaa 6 hadi 12 baadaye, na ule muda ambao mbwa anaonekana mzima ndio muda wa kumsaidia.

Kitu chenyewe kinaitwa theobromini, kimo ndani ya kakao pamoja na kafeini kidogo. Sisi binadamu mwili unaitoa upesi, mbwa hawezi, yachukua kama masaa 17 hivi ndipo ipungue nusu tu. Ndiyo maana wangu alikuwa bado hajatulia siku ya pili. Haya, na nyinyi?

KekiZaBamburi:
Pole sana dada, na umeniondolea aibu manake mimi nauza keki na nlijiona ningepaswa kujua.

Mimi naoka nyumbani, oda za harusi na za watoto. Siku moja nimemaliza usiku nimechoka, kopo la kakao ya unga nkaliacha kwenye meza ya nje na kifuniko hakijashika vizuri. Tuna mbwa mkubwa wa kulinda, kilo 28. Saa tisa usiku soja anatugongea dirisha, mama amkeni, wezi wametia mbwa sumu! Na kweli ukimuona ungesema ni sumu, anatetemeka, macho yamemtoka, anahema. Unajua huku kwetu wezi wakitaka kuingia hutupa nyama yenye sumu ukutani kwanza, kwa hiyo baba watoto akachukua tochi na soja rungu wakazunguka nyumba nzima kutafuta mwizi, na mimi nampa mbwa maziwa na yai bichi kama nlivyofundishwa na nyanyangu. Saa nzima imepotea hivyo.

Ni daktari aliyemfunua mdomo, akaona ufizi na manyoya ya kidevu yana rangi ya kahawia, akanusa, akaniuliza, mama, humu nyumbani mnapika nini? Hapo ndipo nlikumbuka kopo. Nusu ya gramu 100 ilikuwa imekwenda. Akasema unga wa kakao ndio mkali kuliko chokoleti yoyote, kila gramu yaweza kuwa na miligramu 20 na zaidi za hiyo theobromini, na chokoleti ya maziwa ina kama 2 tu. Alipona alhamdulillah. Lakini mkiona mbwa anatetemeka usiku msikimbilie wezi peke yake, angalieni na jikoni pia, na daktari mwambieni kila kitu kilichokuwa wazi ndani ya nyumba.

BabaMtwapa:
Mimi ntasema tofauti kidogo na msinikasirikie. Wangu ni labrado, kilo 30, kala chokoleti ya maziwa ya gramu 100 nzima ya mwanangu na hakuna kilichompata, aliharisha siku moja tu. Sasa hii hatari si tunaikuza?

MsaidiziVeti:
Ndugu hatukukasirikii, hebu tupige hesabu pamoja. Mimi nasaidia kliniki ya mifugo huku kisiwani mwaka wa sita sasa.

Gramu 100 za chokoleti ya maziwa ni kama miligramu 200 za theobromini. Gawa kwa kilo 30, hata 7 kwa kila kilo haifiki. Dalili ndogo za kutapika na kukosa utulivu huanza kwenye 20 kwa kilo. Moyo huanza kuharibika mapigo kwenye 40 na 50, na ikifika 60 ni degedege. Kwa hiyo wako hakuwa karibu. Sasa chukua chokoleti nyeusi ya gramu 100, hiyo ni miligramu 500 na zile kali sana hupita hapo, mpe kambwa ka kilo 5. Hiyo ni 100 kwa kilo na hapo tunazungumzia kifo. Ile nyeupe karibu haina theobromini, lakini mafuta yake na sukari humuumiza mbwa kongosho, kwa hiyo hata hiyo asipewe.

Na wa dada wa Tudor, gramu 200 kwa kilo 12, hiyo ni zaidi ya 80. Kule kutapika kwake mwenyewe usiku nadhani kulimsaidia sana.

BabaMtwapa:
Nimeelewa kaka. Sikujua ni kilo zake na rangi ya chokoleti. Shukran.

LikoniNgambo:
Nimesoma mara mbili kabla sijaandika.

Wangu alikuwa mdogo, kilo 4, nimemlea tangu hajafungua macho manake mamake aligongwa na matatu. Alikuwa analala miguuni mwangu. Chokoleti nlipewa kazini, nyeusi ya gramu 100, nkaiacha ndani ya mkoba na mkoba nkauweka kitandani nkaenda kuoga. Niliporudi zipu imefunguliwa na karatasi tupu. Nkamgombeza, ndio kitu cha mwisho cha maana nlichomwambia, nkamgombeza.

Nkampigia mtu ninayemheshimu akaniambia mpe maji ya chumvi atatapika. Nkampa. Katapika kidogo, nkajua yamekwisha. Saa saba usiku degedege ya kwanza. Huku ng'ambo sikupata daktari wa kufungua usiku huo, ilibidi kuvuka. Tukafika feri, foleni ya magari kule juu, nkashuka garini nkamkimbiza mikononi mpaka kwa wanaovuka kwa miguu na nimemfunga kwa leso. Watu walinipisha, wallahi walinipisha wote, mzee mmoja alinishikia mkoba. Tukiwa katikati ya maji akakakamaa tena, na tulipofika upande wa pili alikuwa hahemi.

Nimeambiwa baadaye ile chumvi nayo ilimzidishia. Sijui niseme nini zaidi.

MwanaTudor:
Dada pole, pole sana. Ulimkimbiza, ulifanya ulichoweza kwa ulichojua.

KekiZaBamburi:
Nalia hapa jikoni. Mungu akupe subira mamangu.

KisauniMashinani:
Pole dada. Mimi na mimi nlikuwa najua chumvi ndio dawa, na makaa yaliyosagwa. Msaidizi hebu tufafanulie, na hayo makaa pia si sawa?

MsaidiziVeti:
Dada wa Likoni, pole kutoka moyoni. Kwa kilo 4 na chokoleti ile, hata angefika kwetu ingekuwa vita kubwa, usijibebeshe yote.

Chumvi hapana kabisa. Chumvi nyingi mwilini yenyewe humpa mbwa degedege na inaua. Maziwa na mayai hayazuii chochote. Makaa ya jiko sio ule mkaa wa dawa tunaotumia, ule umetengenezwa ili unase sumu tumboni, na tunaurudia mara kadhaa kwa sababu theobromini ikitoka kwenye ini hurudi tena matumboni. Hakuna dawa moja ya kuiondoa. Tunamtapisha kama amewahi, tunampa mkaa, dripu, dawa ya kutuliza degedege, dawa ya moyo ukizidi mbio, na tunamtoa nje akojoe kila mara, manake ikikaa kwenye kibofu inanyonywa tena inarudi kwenye damu. Hilo la kukojoa hata nyumbani mkirudishiwa mgonjwa mliendeleze.

Na mkija, njooni na karatasi la chokoleti. Kipande chochote kilichoandikwa gramu. Wengi huja mikono mitupu tunabaki kukisia.

KizingoBahari:
Naongeza langu kwa ufupi. Wangu hakula chokoleti, alikula bazoka zile zisizo na sukari, zimetiwa zailitoli, ule utamu wa badala ya sukari. Nusu saa tu miguu ikalegea akaanguka, sukari ya damu ilikuwa imeshuka kabisa. Hiyo ni haraka kuliko chokoleti na baadaye yaweza kuingia mpaka ini, kwa hiyo soma paketi. Na chokoleti zenye zabibu kavu ni shida mara mbili, zabibu huua figo za mbwa. Zenye makadamia nazo, na makadamia ni zetu hapahapa Kenya watu hupeana zawadi, humlegeza mbwa miguu ya nyuma.

MamaWaGanjoni:
Kwetu ni mtoto. Ana miaka 5, idi kapewa chokoleti, kampelekea mbwa nusu yake kwa mapenzi, wamekaa ngazini wanakula pamoja. Ilikuwa kidogo na ya maziwa, hakudhurika. Lakini nlishindwa vile ya kumwambia mtoto usimpe rafikiyo kitu unachokipenda. Mwishowe tumekubaliana, yeye akila chokoleti mbwa anakula kipande cha boga la kuchemsha, na sasa ni yeye anayenikumbusha mimi.

ChangamweJuu:
Jamani samahani naingilia, wangu amechukua chokoleti SASA HIVI mkononi mwa mgeni, dakika kumi hazijafika. Ya maziwa, ya gramu 40, imebaki nusu. Mbwa kilo 8. Nifanye nini??

MsaidiziVeti:
Tulia. Gramu 20 za maziwa ni miligramu 40, kwa kilo 8 ni 5 hivi kwa kilo, iko chini. Hakikisha haina zabibu wala zailitoli, soma karatasi. Usimpe chumvi. Mpigie daktari wako hata hivyo, mwambie hesabu hiyo.

ChangamweJuu:
Nimesoma, haina. Daktari amepokea, amesema nimwache na maji, nimtoe nje mara kwa mara, nimuangalie mpaka kesho mchana na akianza kuhema au kutetemeka nimlete. Mgeni amehuzunika kuliko mimi, ameketi naye kibarazani anamshika kifua kuhesabu mapigo.

MwanaTudor:
Tuko macho na wewe. Tuambie asubuhi.

ChangamweJuu:
Saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Aliharisha mara moja usiku, sasa amelala chali. Mgeni hakulala.