Uga wa sumaku na ukuaji wa E. coli: kontroli yangu inatosha?

Mpanda_Koloni:
Wadau, naomba ushauri kuhusu jaribio la sumaku na bakteria. Nina E. coli aina ya K-12 kwenye sahani za petri za milimita 90. Chini ya kila sahani kuna diski ya neodimiamu ya daraja la N42, kipenyo milimita 20, unene milimita 10. Inkubeta iko nyuzi 37, saa 24, kisha nahesabu makoloni (madoa ya bakteria yaliyoota). Kontroli, yaani za kulinganishia, ni sahani zisizo na sumaku, rafu ya chini. Sahani ni 3 kila upande, na zenye sumaku zinatoa makoloni pungufu kwa kama asilimia 10. Je, hayo ni matokeo ya kuandikwa? Na nikitaka kutumia koili, niisuke vipi? Niko Nairobi, bajeti ni finyu.

Fundi_Koili:
Usiandike bado. Diski ya vipimo hivyo ina takriban tesla 0.46 katikati ya uso wake (tesla ni kipimo cha nguvu ya uga wa sumaku, militesla ni elfu moja yake). Ukipanda milimita 10 unabaki na 0.12, milimita 20 unabaki na 0.035. Bakteria wa katikati ya sahani wanapata mamia ya militesla, wa ukingoni wanapata tatu au nne. Ukihesabu sahani nzima umechanganya dozi hizo zote katika nambari moja.

Isitoshe, diski ni bonge la metali lililogusana na sahani. Linabadilisha kasi ambayo agari (rojo la kukuzia bakteria) inapata joto, na rafu ya juu haina joto sawa na ya chini. Kontroli ya haki ni diski ileile isiyo na usumaku. Neodimiamu hupoteza usumaku ikipita nyuzi 312 hivi, kwa hiyo iweke kwenye tanuri la maabara nyuzi 350 kwa nusu saa, iache ipoe mbali na sumaku nyingine, kisha ijaribu kwa pini. Ngozi ya nikeli inaweza kuvimba, basi zifunge diski zote, nzima na zilizochomwa, kwa utepe uleule.

Koili ni bora zaidi. Suka jozi ya Helmholtz: koili mbili za nusu kipenyo sentimita 15, zikitengana sentimita 15 hizohizo, mizunguko 200 kila moja. Uga wa katikati kwa tesla ni 0.0000009 × mizunguko ya koili moja × ampea ÷ nusu kipenyo kwa mita. Ampea 2 zinakupa militesla 2.4. Waya wa shaba wa milimita 1, ule wa mafundi wa kusuka mota, utahitajika kama mita 380. Ukinzani unakuwa omu 8 na kitu, na ampea 2 zinazalisha wati 33 za joto ndani ya inkubeta. Majaribio mengi ya aina hii hufia hapa: mtu anapima joto akidhani anapima sumaku.

Dawa yake ni kusuka nyaya mbili sambamba, yaani mizunguko 100 ya jozi badala ya 200 ya waya mmoja, na kuweka swichi. Mkondo ukienda upande mmoja katika nyaya zote mbili, uga unajengeka. Ukiugeuza katika waya mmoja, nyuga zinafutana huku joto likibaki lilelile. Hiyo ndiyo kontroli yako. Rusha sarafu kila siku kuamua swichi ikae wapi, na anayehesabu asijue. Stima ikikatika katikati, tupa raundi hiyo yote, kwa sababu bakteria wanaendelea kukua bila uga.

Pima uga kwa sensa ya Hall (kipande cha elektroniki kinachohisi sumaku) kama 49E, zinapatikana kwa wauza vipuri vya elektroniki Luthuli Avenue. Inafika takriban tesla 0.1, inatosha kwa koili lakini si kwa uso wa diski. Usitegemee simu, sensa yake hujaa kwenye militesla chache. Pima pia karibu na mota ya feni ya inkubeta, maana inatoa uga wake wa hezi 50.

Agari_Safi:
Naongeza upande wa bakteria. Sahani yenye makoloni 100 huyumba kwa 10 hivi kwa bahati tu, kabla hujagusa makosa ya pipeti. Sahani 10 za namna hiyo kila upande zinaacha kosa la asilimia 4.5 kwenye tofauti ya vikundi viwili. Kwa sahani 3, asilimia 10 yako imo ndani ya mtikisiko wa kawaida. Halafu sahani 10 zilizomwagwa kutoka chupa moja bado ni jaribio moja. Rudia kwa bakteria waliokuzwa upya, siku tofauti.

Jambo kubwa zaidi: idadi ya makoloni inakuambia seli ngapi zilikuwa hai, haikuambii zilikua kwa kasi gani. Kama swali lako ni ukuaji, tumia mchuzi wa LB (triptoni gramu 10, dondoo ya hamira 5, chumvi 10 kwa lita), pima jinsi mchuzi unavyoziba mwanga wa nanomita 600 kila dakika 15, na uchukue mteremko wa logi ya vipimo hivyo vikiwa kati ya 0.05 na 0.4. Fanya kwa nyuzi 30. Hapo digrii moja hubadilisha kasi kwa kama asilimia 7, kwa hiyo nusu digrii pekee, baada ya vizazi 10, inaacha tofauti ya robo nzima ya seli. Kipimajoto kikae ndani ya mchuzi wa chupa ya ziada, si hewani.

Na kwa kuwa uko Nairobi, angalia otoklevu (mtungi wa kuua vijidudu kwa mvuke wa shinikizo). Kwenye mwinuko huu wa karibu mita 1,800, geji ya shinikizo ikisoma psi 15, ndani ni kama nyuzi 118, si 121. Unahitaji karibu psi 18. Sufuria ya presha isiyopita 15 iongezee muda, dakika 30 badala ya 15.

Mpanda_Koloni:
Asanteni sana, nasuka koili ya nyaya mbili. Kwenye maelezo niseme uga unafanyaje kazi ndani ya seli?

Fundi_Koili:
Kwa tahadhari. Nishati ya elektroni moja katika militesla 1 ni ndogo kuliko nishati ya joto mara laki nne na nusu hivi, kwa hiyo uga hauwezi kusukuma kemia moja kwa moja. Njia inayokubalika kifizikia ni jozi za radikali (molekuli mbili, kila moja ina elektroni isiyo na mwenzi), ambako uga hubadilisha mpangilio wa spini (usumaku mdogo wa elektroni hizo) kabla jozi haijaungana tena. Mtafiti Fojt na wenzake mwaka 2004 waliripoti seli hai kupungua kwa uga wa hezi 50 hadi militesla 10. Uga wa kubadilika si sawa na wako wa kudumu, usizichanganye.

Tope_la_Bwawa:
Ukitaka athari inayoonekana kwa macho, tafuta bakteria wenye chembe za magnetaiti (madini ya chuma yenye usumaku), waliotangazwa na mtafiti Blakemore mwaka 1975. Jaza chupa tope theluthi moja na maji ya bwawa hilohilo theluthi mbili, kifuniko kilegee, mahali pa mwanga hafifu. Weka sumaku ubavuni, sentimita moja juu ya tope, ncha yake ya kaskazini ikielekea chupa upande mmoja, na ncha ya kusini ya sumaku nyingine upande wa pili. Karibu na ikweta, bakteria wanaofuata kaskazini na wanaofuata kusini huishi pamoja, na ukiweka ncha moja utakosa nusu. Baada ya saa moja nyonya tone kando ya ukuta wa chupa, ulitazame likining'inia chini ya kioo. Geuza sumaku: vumbi la madini na seli zilizokufa hugeuka na kubaki palepale, walio hai hugeuka na kuogelea hadi ukingo wa tone.