Dola 600 za kulinda lupango (nyumba na uwanja wake) Lubumbashi: zamu, antivol, mbwa, GPS ao mpanga?

BabaWatatu_BelAir
Jambo kwenu wote. Tunakaa Bel-Air, komini ya Kampemba. Juzi usiku wezi waliingia kwa jirani tunayepakana naye ukuta. Walibeba televisheni na simu zote, kisha wakafungua porte kubwa (lango la uwanja) wakatoka na Toyota IST yake. Funguo ya gari waliikuta juu ya kabati ya saloni. Hakuna aliyeumizwa, Mungu asifiwe, ila tangu siku ile mke wangu anaamka kila bati likilia.

Niko na dola 600, haziwezi kufanya yote. Nichukue zamu, yaani mlinzi wa usiku? Niimarishe antivol (vyuma vya madirisha) na porte? Niweke GPS kwenye gari? Ao mbwa? Kaka yangu anasema nilale na mpanga chini ya kitanda, na njia ikipatikana nitafute bunduki. Hilo la mwisho linanitia woga kwa sababu ya watoto, tena sijui sheria inaniruhusu kufika wapi. Waliopitia hayo wanisaidie.

Fundi_Kamalondo
Pole sana Baba Watatu. Mimi ni fundi wa kuchomelea, kwa hiyo nitasema ninayoyaona kwa macho. Kabla ya kulipa mtu yeyote, nenda uangalie bawaba za porte yako. Porte nyingi hapa mjini mafundi wamechomelea pini zote mbili zikitazama juu. Wanaume wawili wanaingiza chuma chini, wanainua, porte yote inatoka na kufuli yake ikiwa bado imefungwa. Dawa yake ni kuigeuza bawaba ya juu itazame chini, ao kuchomelea kipande cha chuma juu ya pini. Ni kazi ya asubuhi moja.

Antivol vilevile. Ikiwa imeshikwa kwa vis (skrubu) zinazoonekana nje, hiyo ni pambo. Vyuma viingie ndani ya ukuta na kushikwa kwa simenti. Na ninakuomba sana: dirisha moja la chumba cha kulala liwe na antivol inayofunguka kwa ndani, funguo yake itundikwe mahali ambapo watoto wanapajua hata gizani. Courant (umeme) ya SNEL, kampuni ya umeme, inaporudi kwa nguvu moto unaweza kushika, na nyumba iliyofungwa yote haiwaachi watu kutoka.

MamaRuashi
Kuhusu zamu, Baba Watatu, piga hesabu kwanza. Porte unailipia mara moja, zamu ni kila mwezi. Dola 600 zitakwisha kabla ya mwaka kwisha, na nyumba itabaki kama ilivyokuwa. Kwetu Ruashi malupango kadhaa tuliungana tukachukua zamu mmoja wa avenue (barabara ya mtaa). Tulimpa tochi, filimbi, koti la mvua na simu yenye unite (salio), na anapita kila baada ya muda akigonga kila porte. Zamu aliyekaa ndani ya lupango lako peke yake usiku kucha analala, ni mtu kama sisi.

Na alipwe kwa wakati. Mtu ambaye mshahara wake umecheleweshwa ndiye anayejua mnaamka saa ngapi na funguo zinalala wapi. Simshitaki yeyote, nasema jinsi njaa inavyomjaribu mtu.

KijanaWaKenya
Bakubwa, miye niko mu Kenya, komini ya hapa Lubumbashi, tuko bapangaji mingi mu lupango moja, hatuna makuta (pesa) ya GPS. Kwetu kelele njo silaha. Mutu akisikia bezi, anapiga kasserole (sufuria), jirani anapiga yake, avenue yote inaamka. Bezi hawapendi taa na hawapendi macho ya bantu. Lakini tunapatana mbele: hakuna mutu anatoka inje peke yake.

Garage_Kampemba
Niongee gari. Jirani yako hakuibiwa kwa ufundi wowote, aliibiwa kwa funguo. Funguo zilale chumbani kwako, mbali na saloni na dirisha.

GPS ni kisanduku chenye kadi ya simu, kinatuma mahali gari lilipo kupitia mtandao. Mtandao ukikosekana, ao mwizi akikijua na kukichomoa, unabaki na mahali pa mwisho gari lilipoonekana. Tena GPS inakuambia gari limekwenda wapi, hailizuii kwenda. Mimi ningeanza na swichi ya siri inayokata umeme wa pampu ya esansi (petroli). Mafundi wengi wanaiweka kwa bei ndogo. Mwizi anawasha, gari linakwenda hatua chache kisha linazima, na hana muda wa kutafuta sababu. Ukiweza kuongeza GPS baadaye, vizuri, kwa sababu mpaka wa Kasumbalesa hauko mbali, ni kilomita tisini hivi, na gari lenye usukani wa kulia likivuka kuingia Zambia linapotea kati ya mengine.

Andikisha pia namba ya shasi kwenye vioo vyote. Wa kuliuza atalazimika kubadili vioo.

Kitu kingine ambacho watu hawakiangalii: saa ya kurudi jioni. Unafika, unapiga honi, unangoja mtoto afungue, gari linawaka, dirisha liko chini. Hapo ndipo wenye silaha wanangoja. Piga simu ukiwa bado mbali kidogo, na ukiona watu usiowajua wamesimama karibu na porte, pita moja kwa moja.

Mukubwa_Katuba
Yote mazuri, lakini mnazunguka. Wezi hawa tunawashika, tunawapeleka polisi, baada ya siku chache tunakutana nao sokoni wanatutazama usoni. Mtu aliyeingia kwangu usiku nisimguse? Mimi nasema akikamatwa asitoke. Wengine wakiona, watahama mtaa.

Avoka_Lshi
Mukubwa, mimi ni avoka (wakili), uchungu wako naujua, wateja wangu wanao. Lakini Baba Watatu ameuliza sheria, basi aipate ilivyo.

Katiba ya Kongo (RDC) ya 2006, kifungu cha 29, inalinda makao ya mtu yasiingiliwe. Code pénal (sheria ya makosa ya jinai) ya 30 Januari 1940 inaadhibu wizi wa kawaida hadi miaka 5 ya kifungo. Wakivunja, wakipanda ukuta, wakitumia funguo za bandia, ao wakiingia usiku katika nyumba inayokaliwa na watu, inafika miaka 10. Wakitumia nguvu ao vitisho ni miaka 5 hadi 20, na kwa wizi wa silaha kifungu cha 81 bis kinataja kifo. Kwa hiyo sheria haimhurumii mwizi. Ila adhabu hizo zinatolewa na tribinali (mahakama), si na avenue.

Haki ya kujitetea haina kifungu chake ndani ya Code pénal. Tribinali zinaikubali kama kanuni ya jumla, na zinauliza mambo haya: shambulio lilikuwa linaendelea ao liko karibu kabisa kutokea? Lilikuwa bila haki? Hukuwa na njia nyingine? Ulichofanya kililingana na hatari? Mtu anavunja mlango wa chumba cha watoto akiwa na mpanga, ukampiga na chuma, unajitetea. Mtu huyohuyo ametupa mpanga, ameruka ukuta, ukamfuata njiani ukamkata: shambulio lilikuwa limekwisha, na wewe ndiye utakayejibu kwa kujeruhi ao kuua. Na kwa gari linalotoka bila mtu kushambuliwa, itakuwa vigumu sana kumweleza jaji kwa nini uliua.

Kumkamata mnaruhusiwa. Décret ya 6 Agosti 1959 (sheria ya kuendesha kesi za jinai), kifungu cha 6, inasema kosa likiwa la wazi na adhabu yake ikifika miaka 3, mtu yeyote anaweza kumshika mshukiwa wakati wakubwa wa sheria hawapo, na kumfikisha mara moja kwa aliye karibu. Mfungeni mikono, msimpige.

Bunduki: Ordonnance-loi 85-035 ya 3 Septemba 1985 (sheria ya silaha) inadai kibali. Ukiwa nayo bila kibali una kesi hata kama hukuitumia.

Sasa kwa nini wanatoka? Katiba, kifungu cha 18, inasema kukaa mikononi mwa polisi kusipite saa 48. Watu wanamleta mwizi usiku, wanarudi kulala, asubuhi hakuna anayekuja kutoa ushahidi. Dossier (faili la kesi) ni karatasi tupu, naye anaachiliwa. Njoo na facture (risiti) ya televisheni, namba ya shasi, IMEI za simu, yaani namba ya pekee ya kila simu (bonyeza *#06#, uandike kwenye daftari leo), na majirani wawili walioona. Dossier ya namna hiyo si rahisi kuifunga.

MamaRuashi
Mukubwa wangu, kwa heshima yote. Kwetu kijana fundi wa simu alikuwa anarudi kazini usiku, mtu akapaza sauti "mwizi!" na wote wakatoka na mawe. Mama mmoja alimtambua, akajilaza juu yake. Leo mkono wake wa kuume haushiki bisibisi tena. Hakuwa ameiba kitu. Aliyepaza sauti bado ni jirani yetu, na hawawezi kusalimiana.

Mukubwa_Katuba
Mama, hilo limenigusa. Sijabadili mawazo yangu kuhusu wanaokuja na bunduki, lakini la kumfuata njiani nimelisikia.

Fundi_Kamalondo
Niongeze kwa sababu nimeombwa kazi hiyo nikaikataa: usiunge courant ya nyumba kwenye porte ao antivol. 220 V inaua, na wa kwanza kuishika atakuwa mtoto anayefuata mpira. Waya za umeme za kweli juu ya ukuta zina mashine yake inayotuma mapigo mafupi, pamoja na batri ya wakati wa délestage (mgao wa umeme). Hiyo ni bei nyingine.

BabaWatatu_BelAir
Asanteni kutoka moyoni. Nimeongea na mke wangu. Porte na antivol kwanza, kisha swichi ya pampu. Inayobaki ni sehemu yetu kwa zamu wa avenue, nimekwisha kuongea na jirani aliyeibiwa na nyumba mbili za mbele. Mbwa tutangoja, maana kumlisha na kumchanja ni gharama ya kila siku, tena wezi wanamtupia nyama yenye sumu. Mpanga utabaki wa kulima. Fundi, nilitazama bawaba zangu asubuhi: zote mbili zinatazama juu. Unakuja lini kupima?

Fundi_Kamalondo
Jumamosi saa mbili asubuhi. Nitafutie tu mahali pa kuchomeka mashine, na kama SNEL itakuwa imekata, niambie mapema nije na jenereta.