Mjadala: Nguzo ya aibu ya Belém, iongezewe jiwe la pili au iachwe ilivyo?

MLETA MADA: Ndugu zangu wapenda historia, wengi wetu Wareno tunawajua kwa Fort Jesus ya Mombasa. Leo nawapeleka kwao, Lisbon, kitongoji cha Belém. Kuna kichochoro kinaitwa Beco do Chão Salgado, yaani Kichochoro cha Ardhi Iliyotiwa Chumvi, na humo imesimama nguzo ya mawe yenye pete tano.

Usiku wa 3 Septemba 1758 Mfalme José wa Kwanza alipigwa risasi akiwa ndani ya gari la farasi. Alijeruhiwa, akapona. Tarehe 12 Januari 1759 hukumu ikatolewa kwa walioshtakiwa kwa shambulio hilo, na kesho yake tu Duke wa Aveiro na jamaa wa ukoo wa Távora wakauawa hadharani, akiwemo mama wa ukoo, Leonor, aliyekatwa kichwa. Jumba la Duke lililokuwa pale likabomolewa, kiwanja kikamwagiwa chumvi, na nguzo ikaandikwa kwamba katika ardhi hii ya aibu hapatajengwa kamwe.

Mwaka 1781, chini ya Malkia Maria wa Kwanza, binti wa mfalme yuleyule, kesi ilipitiwa upya na akina Távora wakaonekana hawana hatia. Nguzo bado inasema yale ya 1759. Mimi nasema lisimamishwe jiwe la pili pale pale, lenye uzito uleule, liseme hukumu ya 1781.

MCHANGIAJI WA 1: Mleta mada, rudi kwenye maandishi yenyewe. Jiwe linamtaja José Mascarenhas peke yake, ndiye huyo Duke, na hatia yake haikufutwa hata 1781. Akina Távora hawamo. Unataka jiwe lisahihishe neno ambalo halikulisema?

MLETA MADA: Umenisahihisha, asante. Ila zihesabu zile pete. Masimulizi ya mjini yanasema kila moja ni mtu mmoja wa jamaa ile waliouawa. Kama ni hivyo, basi wamefungwa kwenye jiwe bila majina, na asiye na jina hawezi hata kusafishwa. Kuhusu Duke, maneno yake yalitoka chini ya mateso, na waziri mwenye nguvu kuliko wote, Carvalho, ambaye baadaye aliitwa Pombal, alikuwa ndani ya baraza lililohukumu. Mtu kahukumiwa leo, kafa kesho. Rufaa angeikata saa ngapi?

MCHANGIAJI WA 2: Mnawalilia wakubwa. Siku ile waliuawa na watumishi pia, mmoja wao kwa kuchomwa moto akiwa hai. Pete zao ziko wapi? Dau la mnyonge haliendi joshi, hata kwenye kumbukumbu. Tena mzee Francisco de Assis wa Távora, mume wa Leonor, aliyeuawa siku ileile, alikuwa Goa, koloni la Wareno kule India, kama makamu wa mfalme kuanzia 1750 hadi 1754, na mpaka 1752 Msumbiji ilitawaliwa kutoka Goa. Amri zake zimefika kwa jirani zetu. Kifo chake kilikuwa dhuluma, sawa, lakini mnyonge hakuwa.

MCHANGIAJI WA 3: Mimi nasema msiliguse. Jiwe lile linamshitaki aliyelisimamisha. Alitaka kufuta jina la mtu. Leo jina linasomwa kwa sababu ya jiwe lake. Hata ile amri ya kutojenga imeshindwa, nyumba zimeibana nguzo mpaka imebaki uchochoroni. Mkiweka jiwe la kusahihisha, mpita njia atasoma lile jipya na kuondoka ametulia. Na mkitaka kusahihisha, anzeni na Igreja da Memória, kanisa ambalo mfalme aliweka jiwe lake la msingi 1760 kushukuru kwa kunusurika. Tangu 1923 mabaki ya Pombal yamelazwa humo. Aliyeua ana kanisa, waliouawa wana kichochoro.

MLETA MADA: Hilo la kanisa limeniuma, maana ni kweli. Lakini kumwacha msomaji ahangaike peke yake kunamfaa anayeijua historia tayari. Mtoto wa shule akipita pale, jiwe litamwambia uhaini, basi. Nabadilisha pendekezo: jiwe la pili liwepo, lisiwe na neno la kumsifu mtu, liwe na majina tu ya wote waliouawa 13 Januari 1759, watumishi wakianza.

MCHANGIAJI WA 2: Watumishi wakianza, hapo niko nawe.

MCHANGIAJI WA 3: Mimi bado.