Saa za huduma ya nyumbani zinapunguzwa: nimwandikie mbunge yupi?

Mama Mlezi aliuliza:
Ndugu zangu mnaoishi Marekani, naomba mwongozo wenu. Ninamhudumia mzee nyumbani kwake, kwa kazi inayolipwa kupitia Medicaid, yaani bima ya afya ya serikali kwa watu wenye kipato kidogo, na mwezi uliopita wakala aliyeniajiri alitueleza kwamba saa zitapunguzwa kwa sababu jimbo halina fedha za kutosha. Nilimwandikia mbunge wetu katika Bunge la Marekani, lakini mwenzangu kazini anasema nimebisha mlango usio wangu. Je, ni kweli kwamba bunge la jimbo ndilo linaloamua? Na kwa nini waanze na mzee asiyeweza hata kujivisha nguo?

Msoma Bajeti alijibu:
Pole sana, dada. Mwenzako amesema kweli, ingawa si kweli yote. Gharama za Medicaid hubebwa na pande mbili: serikali kuu hulipa angalau nusu ya gharama nyingi za matibabu, na zaidi katika majimbo yenye kipato kidogo, kisha jimbo hujazia sehemu iliyobaki. Sheria ya serikali kuu inalilazimisha jimbo kugharimia makao ya uuguzi, lakini huduma nyingi za kumsaidia mtu nyumbani kwake, kama vile kumwogesha, kumvisha na kumlisha, zimeachwa kwa hiari ya jimbo. Karibu majimbo yote yanabanwa na katiba au sheria zao yawe na bajeti isiyo na nakisi, kwa hiyo mapato yanaposhuka wabunge hutafuta kile wanachoruhusiwa kukigusa, nacho mara nyingi ni hiki cha kwenu. Mimi naona ni uamuzi mbaya hata kwa hesabu tupu, kwa sababu mzee anayekosa msaada nyumbani huishia kwenye makao ambayo jimbo halina hiari ya kutoyalipia.

Mkazi wa Illinois alijibu:
Niongeze kwamba si makato pekee yanayoumiza. Kuchelewa nako kunaumiza. Kuanzia Julai 2015 hadi Julai 2017 jimbo letu halikuwa na bajeti kamili, kwa kuwa Gavana Bruce Rauner na wabunge walishindwa kuafikiana. Malimbikizo ya bili yalizidi dola bilioni 14, na mashirika yanayohudumia wazee na watoto yakalazimika kupunguza wafanyakazi, hadi bunge lilipoipindua kura ya turufu ya gavana. Wapigakura wa California waliliona tatizo hilo mapema: tangu mwaka 2010 sheria yao inasema wabunge wasipopitisha bajeti kufikia tarehe 15 Juni hupoteza malipo ya siku zote za ucheleweshaji. Natamani tungekuwa na kifungu kama hicho.

Msoma Bajeti alijibu tena:
Kuhusu wakati wa kuandika: mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai katika majimbo 46, na kwa kawaida gavana huwasilisha mapendekezo yake miezi kadhaa kabla. Kazi yenyewe hufanyika katika kamati za bajeti, ambako takwimu bado zinaweza kubadilishwa. Ikifika siku ya kura ya mwisho, mengi yamekwisha kuamuliwa. Mwandikie seneta na mwakilishi wako wa jimbo, ukitaja saa ngapi zimekatwa na mzee anabaki peke yake kwa muda gani. Barua ya Washington pia haikupotea bure, kwani sheria iliyotiwa saini tarehe 4 Julai 2025 inayahamishia majimbo mzigo zaidi, ikiwemo kupandisha mchango wao katika gharama za kuendesha msaada wa chakula wa SNAP kutoka asilimia 50 hadi 75, kuanzia Oktoba 2026. Fedha hizo zitatoka katika mfuko uleule unaowalipa ninyi.

Mama Mlezi alijibu:
Nawashukuru sana. Nimekwisha kumpata seneta wetu wa jimbo, na nimeona kwamba yumo katika kamati ya bajeti. Kamati hiyo inapokea maoni ya wananchi wiki ijayo, nami nimemwomba binti wa mzee twende pamoja. Je, naruhusiwa kuzungumza kwa Kiswahili na kuletewa mkalimani, au niandike maelezo yangu mapema?

Mkazi wa Illinois alijibu:
Fanya yote mawili, dada. Piga simu leo kwa karani wa kamati umwombe mkalimani, kisha mpelekee maandishi kabla ya siku ya kikao.