Vyuo vya Marekani vinameza ufadhili wa nje wa watoto wetu

Wakuu, huu mchezo uanikwe. Mtoto anashinda dola 5,000 kutoka mfuko wa nje ya chuo, ukoo mzima unashangilia, halafu ofisi ya misaada ya kifedha ya chuo inapunguza ruzuku yake kwa dola 5,000 zilezile. Mzazi analipa kilekile. Aliyefaidika ni chuo.

Hesabu hii hapa, kwa mwanafunzi anayestahili mkopo wa serikali. Gharama ya mwaka mzima ni 60,000: familia 8,000, ruzuku ya chuo 46,500, mkopo wa serikali 3,500, kazi za chuoni 2,000. Ikiingia 5,000 ya nje, chuo chenye utu kinafuta zile kazi na kushusha mkopo hadi 500. Chuo chenye roho mbaya kinaacha mkopo na kazi palepale, kinashusha ruzuku hadi 41,500. Ukiwauliza, wanasema ni sheria ya serikali kuu. Uongo wa nusu! Sheria inakataza misaada inayotolewa kwa kigezo cha uhitaji kuzidi uhitaji wa mwanafunzi (gharama ukitoa mchango wa familia). Haijawaagiza waanze kukata ruzuku yao wenyewe. Hilo wameamua wao.

Maryland ilipiga marufuku tabia hii mwaka 2017 kwa vyuo vya umma, ikawa jimbo la kwanza. California ikafuata baadaye, ila sheria yake inawalinda wanaostahili Pell Grant (ruzuku ya serikali kuu kwa wenye kipato cha chini) au msaada wa Dream Act (wa jimbo hilo, kwa wahamiaji wasio na hati). Mtoto aliyetoka Dar au Nairobi kwa viza ya F-1 (ya mwanafunzi wa kigeni) hajazi FAFSA (fomu ya kuomba msaada wa serikali kuu), hapati Pell, kwa hiyo hayumo. Yeye ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu sehemu kubwa ya msaada wake ni hiyohiyo ruzuku ya chuo.

Kinachokera kuliko vyote ni muda. Hundi ya mfadhili inatumwa chuoni, mara nyingi imegawanywa nusu kwa nusu kwa mihula miwili. Ikichelewa hadi Oktoba, chuo kinarudi nyuma kwenye akaunti ya mwanafunzi na kuondoa ruzuku iliyokwisha kuingizwa. Kama masalio (pesa iliyozidi deni lake la chuo) alishakabidhiwa akanunulia vitabu, sasa anadaiwa, na mwenye deni huzuiwa kujisajili muhula unaofuata.

Halafu kodi. Pesa ya ada, vitabu na vifaa vya lazima haitozwi. Inayokwenda kwenye chumba na chakula inatozwa, na kwa wa F-1 chuo kinakata 14% juu kwa juu na kutoa fomu ya 1042-S (inayoonyesha pesa aliyopata mgeni na kodi iliyokatwa). Kenya na Tanzania hazina mkataba wa kodi na Marekani, msitegemee nafuu ya huko. Kwa hiyo masharti ya mfadhili yasomwe vizuri: ufadhili wa "ada tu" unaweza kusukuma ruzuku ya chuo upande wa chumba, na makato yakaanza hapo.

Kabla ya kukubali nafasi, andikeni barua pepe (simu haina ushahidi) mkiuliza: ufadhili wa nje unapunguza nini kwanza, mkopo, kazi au ruzuku? Unaweza kugusa mchango wa familia? Mabadiliko ni ya mwaka mmoja au yanabaki? Kompyuta, bima ya afya na nauli ya kurudi nyumbani ombeni ziongezwe kwenye gharama rasmi, mkiambatanisha risiti au ankara. Gharama ikipanda, nafasi ya ufadhili inapanuka bila ruzuku kuguswa. Ikishindikana, mwombeni mfadhili asogeze pesa hadi mwaka wa pili. Wengine hukubali, na wapo wanaokataa kabisa pesa yao itumike kuziba pengo la chuo. Barua ya mfadhili kama huyo ina nguvu kuliko rufaa kumi za mwanafunzi.

Kuficha ufadhili msijaribu. Hundi inakuja na jina na namba ya mwanafunzi, wataiona tu.

Mwenye majibu ya maandishi kutoka chuo chochote ayabandike hapa, afute jina la mtoto, aache jina la chuo na mwaka.