Mjadala: Nyimbo za makauboi ni jadi ya nani?

Wadau, Juni 2025 waandaaji wa tuzo za Grammy walitangaza kwamba tuzo ya albamu bora ya kantri, muziki wa Marekani unaohusishwa na makauboi, yaani wachunga ng'ombe wa farasi, inagawanywa: moja itakuwa ya kantri ya jadi, nyingine ya kantri ya kisasa. Tangazo lilitoka miezi minne baada ya Beyoncé, mzaliwa wa Houston, Texas, kuinyakua tuzo hiyo kwa albamu ya Cowboy Carter. Waandaaji walieleza kuwa pendekezo hilo lilishawahi kuletwa mara kadhaa miaka ya nyuma, na mimi sina sababu ya kuwaita waongo. Ninalouliza ni hili: jadi ya nani?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Sauti ambayo wengi wetu tunaiita ya jadi, ile ya farasi, kofia pana na gitaa machweo, ilifinyangwa Hollywood miaka ya 1930. Ilipofinyangwa, watu wengi waliokuwepo machungani waliachwa nje ya picha. Kama tunatafuta jadi, tuanzie machungani.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani vilipokwisha mwaka 1865, Texas ilikuwa na ng'ombe tele wasio na soko, na miji ya kaskazini ilikuwa na njaa ya nyama. Kuanzia 1867 ng'ombe wakawa wanaswagwa kwa miguu hadi Abilene, Kansas, kwenye reli. Kundi moja lingeweza kufika ng'ombe elfu mbili au zaidi, na waliolipeleka walikuwa watu kumi hivi, pamoja na mpishi na gari lake la kukokotwa. Wanahistoria wengi wanakadiria kuwa mmoja kati ya kila makauboi wanne alikuwa Mweusi, wengine wakiwa wamezaliwa utumwani. Wamexico nao walikuwepo, na ujuzi wenyewe wa kamba na tandiko ulitoka kwao.

Usiku ndipo nyimbo zilipofanya kazi. Wawili walipanda farasi wakazunguka kundi lililolala, kila mmoja akielekea upande wake, wakapishana, wakaendelea. Waliimba polepole, sauti ya chini. Ng'ombe akisikia sauti aliyoizoea anatulia. Kukiwa kimya kabisa halafu tawi likavunjika au radi ikapiga, kundi zima linatimka gizani, na mtu anaweza kufa chini ya kwato. Ndiyo sababu nyimbo hizi zina beti chungu nzima na mwendo wa farasi anayetembea. Aliyeishiwa maneno alirudia beti, au aliingia kwenye tenzi za kanisani.

Sasa mtazameni John Lomax, mkusanyaji wa nyimbo aliyekulia Texas. Mwaka 1908, huko San Antonio, alimkuta mzee Mweusi mwenye kilabu cha bia, aliyekuwa mpishi kwenye safari hizo za ng'ombe. Wakakaa chini ya miti, Lomax na mashine yake ya kurekodi kwenye mitungi ya nta, mzee akaimba. Mmoja wa nyimbo hizo ni Home on the Range. Kitabu cha Lomax kilitoka 1910 na wimbo huo ukaenea Marekani nzima kwa namna mzee yule alivyouimba, lakini jina lake halikuwekwa pale.

Najua mtaniuliza, je, mzee ndiye aliyetunga? Hapana. Maneno yalitungwa na daktari Mzungu, Brewster Higley, huko Smith County, Kansas, mwanzoni mwa miaka ya 1870, na hilo lilithibitika pale kesi ya kudai umiliki wa wimbo ilipofunguliwa mwaka 1934 na uchunguzi ukafanywa. Mwaka 1947 Kansas wakaufanya wimbo rasmi wa jimbo. Basi hapo pana daktari Mzungu na mpishi Mweusi ndani ya wimbo mmoja, na hakuna awezaye kumtoa mmoja bila wimbo kupungua. Jadi ninayoitetea ni hiyo.

Hollywood ilipoingia, Gene Autry, mwigizaji na mwimbaji wa filamu za kauboi, akawa kielelezo. Roy Rogers, ambaye dunia nzima ilimjua kama mtu wa nyika, alizaliwa mjini Cincinnati, Ohio, akiitwa Leonard Slye. Bob Nolan, mtunzi wa wimbo wa kauboi Cool Water, alizaliwa Kanada. Siwapunguzii kitu. Na Marty Robbins, ambaye albamu yake ya 1959 ya nyimbo za wapiga bunduki nitaitetea mbele ya yeyote, aliufikisha El Paso, wimbo wa zaidi ya dakika nne, namba moja Marekani mapema 1960. Ni hadithi kamili ya mapenzi, wivu, risasi na kifo. Lakini miaka ileile ya Autry, Herb Jeffries naye alikuwa akiimba juu ya farasi katika filamu za kauboi zilizotengenezwa kwa ajili ya watazamaji Weusi, kuanzia 1937 hadi 1939. Ni wangapi hapa mmewahi kusikia jina lake?

Machi 2019 jarida la Billboard liliuondoa wimbo wa Lil Nas X, Old Town Road, kwenye chati ya kantri, kwa maelezo kwamba haukuwa na vionjo vya kutosha vya kantri ya leo. Ukaishia kukaa wiki 19 namba moja kwenye chati kuu. Kwa hiyo 2019 mtu anakataliwa kwa kukosa ukantri wa leo, na 2025 kinajengwa chumba cha ukantri wa zamani. Karibuni tujadili.

Mdau wa Mwanza:
Mkuu, nimekusoma mpaka mwisho, historia umeipanga vizuri. Ila unachanganya mambo mawili. Jadi katika tuzo ni sauti. Fidla, gitaa la chuma, mpangilio wa zamani. Mbona sisi tunatenganisha taarab asilia na taarab ya kisasa na hakuna anayelia kwamba amebaguliwa? Beyoncé mwenyewe alisema kabla ya albamu kutoka kwamba si albamu ya kantri, ni albamu ya Beyoncé. Sasa kosa la waandaaji ni lipi? Kila mwamba ngoma, ngozi huivutia kwake, nawe hapa umeivuta.

Mdau wa Bomet:
Shikamoo wazee wa mjadala. Naleta la kwetu. Mwaka 1950 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Kiafrika, alipita kwa Wakipsigis kurekodi nyimbo, akakuta wasichana wanaimba juu ya mtu anayeitwa Chemirocha, wakisindikizwa na chepkong, kinanda chetu cha nyuzi. Chemirocha ndiye Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri wa Mississippi, aliyekufa 1933. Santuri zake zilikuwa zimefika huku kwa gramafoni, na kwa maelezo ya Tracey, kwenye wimbo wa wasichana amekuwa kiumbe nusu mtu nusu swala. Ukisikiliza ile rekodi hakuna chembe ya Kimarekani ndani yake: ni sauti nyembamba za watoto na nyuzi zinazorudia mwendo uleule. Sasa mkuu, kama wimbo ukifika mahali unazaliwa upya hivyo, kwa nini tunagombania aliyeanza? Leo bibi yangu anasikiliza Jim Reeves redioni kila Jumapili na hajui hata anatoka jimbo gani.

Mdau wa Mombasa:
Mimi naona mlango haukuwa umefungwa. Charley Pride, mtu Mweusi kutoka Sledge, Mississippi, alipata nyimbo 29 namba moja kwenye chati ya kantri, na 1971 Chama cha Muziki wa Kantri kikamtawaza mtumbuizaji wa mwaka. Kipaji kikiwepo njia inapatikana, kaka.

Mleta mada:
Ahsanteni. Nianze na ndugu wa Mombasa. Pride ni wa kuvuliwa kofia, lakini kumbuka kampuni yake ya santuri ilivyomwingiza sokoni 1966: santuri za mwanzo zilipelekwa redioni bila picha yake, ili watangazaji wamsikie kabla ya kumwona. Huo mlango ulifunguliwa akiwa amefichwa sura. Na baada yake, kwa miaka mingi, ni wangapi walipita?

Marahaba, wa Bomet. Sina ugomvi na Chemirocha, na ningependa kila mtu hapa aisikilize rekodi hiyo. Tofauti ni kwamba wale wasichana walimtaja. Waliuchukua wimbo wa mgeni, wakaugeuza watakavyo, na jina lake limebaki katikati ya wimbo. Mzee wa San Antonio hakupata hata hilo.

Ndugu wa Mwanza, mfano wako wa taarab ndio mzuri kuliko yote, nami naupokea. Tenganisha asilia na kisasa, sawa. Lakini hakuna mtu mwenye akili timamu atakayesimama kuzungumzia taarab asilia ya Zanzibar akamruka Siti binti Saad, aliyezaliwa kwenye familia ya watumwa na akarekodi Bombay mwaka 1928. Asilia yetu ina yeye ndani. Nataka kantri ya jadi ipimwe hivyohivyo. Kuhusu kauli ya Beyoncé, aliisema akieleza kwamba hapo kabla aliingia kwenye muziki huo akahisi hakaribishwi. Isomwe yote.

Nakuachia kesi moja ya kuamua, kwa kuwa wewe unapima kwa sauti. Mwaka 2018 Dom Flemons, mwanamuziki wa Marekani, alitoa albamu ya nyimbo za makauboi Weusi, kwa banjo, gitaa na kinanda cha mdomo. Nyimbo za machungani zenyewe, hakuna mashine ya midundo. Kwenye Grammy ilishindanishwa kama muziki wa folk. Ingetoka leo, ungeiweka kwenye chumba kipi, na kwa sababu gani?